Ndege yangu ya kwanza ya rimoti ilikaa hewani sekunde nne

Kasi yake na ukubwa wa betri yake vimeandikwa kwenye boksi, kasome huko. Mimi shida yangu ni muuzaji.

Nilimwambia wazi, tena zaidi ya mara moja, kwamba sijawahi kushika rimoti ya ndege maishani mwangu, anichagulie ya kuanzia. Hakuuliza nitarushia wapi, hakuuliza chochote. Akageukia rafu, akashusha mfano wa P-51 Mustang, ile ndege ya kivita ya Marekani, rangi ya fedha inameremeta. "Chukua hii bosi. Ina jairo, inajiendesha yenyewe." Jairo, yaani kifaa kinachohisi ndege ikiyumba na kuirekebisha. Inajiendesha yenyewe! Na mimi, macho yameshatekwa na ile fedha, nikaitikia kama mtoto aliyeonyeshwa pipi.

Asubuhi moja isiyo na upepo nikaenda uwanjani na mwanangu. Nikawasha, nikairusha kwa mkono, ikapanda. Tukashangilia. Nikavuta kijiti cha rimoti kidogo ipande zaidi. Bawa la kushoto likazama ghafla, ndege ikajiviringisha, ikapiga pua chini. Mimi nasema zilikuwa sekunde nne, mwanangu anasema tatu. Propela vipande viwili, shafti ya mota imepinda, pua imesagika kama biskuti.

Nikairudisha dukani. Wallahi sikwenda kudai hela, nilitaka mtu anieleze nimekosea wapi. Akaigeuzageuza, akacheka, akasema mbele ya wateja: "Ndege haina shida. Shida ni dereva." Wateja nao wakacheka.

Dereva! Hata rubani hakuniita. Kauli hiyo nililala nayo, nikaamka nayo. Kama shida ni dereva, na dereva mwenyewe alikwambia hajui, ulimpa ya nini? Hata marubani wa kweli wa Mustang hawakuanzia kwenye Mustang. Walipitishwa kwanza kwenye ndege za mafunzo, kama T-6 Texan, ndipo wakakabidhiwa ile. Mimi nilipewa moja kwa moja, na mfuko juu. Nimeingizwa mjini, basi.

Hapo nilikuwa tayari kumpa nyota moja na kufunga mjadala. Ila kuna mzee anayerusha ndege zake pale pale uwanjani. Akauchukua mzoga wangu, akaubeba kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, kimoja kila upande. Mkia ukashuka. "Betri uliiweka wapi, kijana?" Nyuma, nikamjibu, maana ndiko ilikoingia kirahisi. Akanionyesha vialama viwili vidogo chini ya mabawa. Hapo ndipo ndege inatakiwa itulie sawa ikibebwa kwa vidole, na kwa ndege nyingi za namna hii ni kama robo hadi theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Mkia ukizidi uzito, ukivuta kijiti kidogo tu pua inanyanyuka kupita kiasi, mwendo unakata, bawa linaacha kubeba. Kumbe yote hayo yamo kwenye kijitabu, na kijitabu kilikuwa bado kwenye nailoni yake.

Inaniuma kuyaandika haya, kwa sababu yanamaanisha yule muuzaji naye alikuwa na ukweli kidogo.

Lakini subirini, mzee hakuishia hapo. Alisema hata ningeiweka betri mahali pake, ndege ile ingenishinda. Mabawa yake yako chini ya kiwiliwili na yanachongoka kuelekea nchani, kwa hiyo ikipunguza mwendo inaweza kuangukia bawa moja bila kukupa taarifa. Na anayejifunza hupunguza mwendo kila anapoogopa, yaani muda wote. Jairo inasaidia kutuliza mitikisiko, ila haileti kasi isiyokuwepo wala haisogezi betri.

Akanipa ndege yake kuukuu ya foamu niijaribu. Sura mbaya kweli: bawa juu ya kiwiliwili, ncha zimeinuka kama V iliyotanuka, propela iko nyuma ya bawa, viraka vya selotepu kila mahali. Ukizidiwa, unaachia vijiti, yenyewe inajinyoosha. Niliiangusha kwenye majani sijui mara ngapi, na propela haikuguswa kwa kuwa pua ndiyo iliyokuwa ikipokea kipigo. Kilichonisumbua zaidi ni pale inapogeuka kuja kwangu, kushoto kunakuwa kulia na akili inagoma. Mzee akanipa dawa: ikikuelekea, peleka kijiti upande wa bawa lililoshuka, kama unaliwekea nguzo. Siku hiyo niliruka mpaka betri ikaisha. Kama unaanza, tafuta ya sura hiyo mbaya, achana na ya fedha.

Mustang nayo tumeitengeneza. Shafti mpya, pua ya gundi, betri mbele. Aliirusha mzee, na jamani, ni nzuri! Inapita chini inalia, inapinda, inameremeta. Nilikuwa nimeandika nyota moja, nimefuta, ndege naipa nne. Muuzaji simpi hata nusu. Mwenye bidhaa nzuri namna hii angeshindwaje kusema "bado, anza na ile pale"?

Propela nilizipata kwake yeye tu, kwingine hazikuwepo. Nilipoingia akainua kichwa, akatabasamu: "Dereva, umeshajifunza?" Sikumjibu. Nikanunua mbili.