Mfuko wa kupandia mboga kwenye nyumba yenye mbwa, paka na kuku: uzoefu wangu

Mfuko huu ninao tangu vuli iliyopita, hapa Kimara, kwenye kiwanja ambacho pikipiki ikishaegeshwa hakuna tena pa kuweka tuta. Ni ule mweusi mrefu unaofika kiunoni, wenye matundu ubavuni ya kuchomekea miche na bomba la PVC katikati la kumwagilia. Muuzaji anawatangazia watu wa mjini wasio na eneo. Mimi niliununua kwa sababu ya wanyama. Mboga yoyote iliyoota chini kwangu ilikuwa ya kuku kwanza, halafu ya mbwa kulalia, sisi tunabakiziwa mizizi.

Mfuko wenyewe sina ugomvi nao. Kitambaa kizito, mishono imeshika, na jua la Januari na Februari halijauharibu. Viroba vya mchele nilivyowahi kupandia, ukivishika baada ya miezi kadhaa juani vinabomoka mkononi. Mchicha niliosia juu ulichumwa ndani ya wiki 4. Matembele ndiyo usiseme: unaomba marando kwa jirani, unachomeka, unasahau. Kama unaanza, anza na hayo mawili, nyanya zisubiri.

Bomba ndilo limenichosha. Limetobolewa matundu ya ukubwa mmoja juu hadi chini na mwisho wake uko wazi, kwa hiyo ukimimina ndoo maji yote yanakimbilia chini. Huko kunakuwa tope, miche ya juu inanyauka. Nilipompigia muuzaji akanijibu, "Dada yangu, hilo linataka kulizoea tu." Fundi bomba wa mtaani hakuwa na muda wa kulizoea. Aliziba mwisho kwa tambara, akapunguza matundu ya chini, akaongeza ya juu. Sasa maji ya kuoshea mchele yanaenda humo humo na mfuko mzima unalowa.

Tuje kwa wenye nyumba. Kuku anafikia safu 2 za chini akiwa amesimama zake tu, na chainizi yote ya huko iliishia kwenye midomo yao. Mbwa wetu ni dume, na kwa dume kila kilichosimama ni cha kunyanyulia mguu. Majani yaliyopatwa yaliungua kingo, na hata yasingeungua, nani angeyala? Dawa ya wote wawili ilikuwa tofali za bloku. Mfuko umepandishwa juu yake, na matundu ya chini kabisa nimeyaachia vitunguu vya majani, ambavyo kuku wangu wakivionja wanaondoka. Hasara yake ni kwamba kumwagilia sasa lazima nipande kigoda.

Paka alikuwa na hesabu zake. Udongo laini, umekauka juu, mbwa hafiki: akaona kajengewa choo cha ghorofa. Anashukia kutoka ukutani, anafukua kwa miguu yote miwili ya mbele mpaka mche uangukie pembeni, anageuka, anakaa, halafu anakukazia macho kana kwamba wewe ndiye uliyemwingilia. Hili si la kuchekea tu, maana kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplazma ambavyo ni hatari kwa mimba, na wakati huo wifi yangu mjamzito alikuwa ndiye mchumaji mkuu. Nilimtoa kwenye kazi hiyo, nikachimbua udongo wa juu nikautupa, nikaweka mwingine. Kisha nikachomeka vijiti vya mishikaki, ncha juu, vimekaribiana kiasi cha kumkosesha pa kukaa, na nyuma ya jiko nikamwekea beseni la mchanga. Alinuna kidogo, akahamia.

Vile vya kuongezea unavyouziwa pamoja na mfuko, achana navyo. Udongo wao "tayari" niliupokea nusu yake ikiwa pumba za mpunga. Samadi ya kuku wako, ukiiacha ioze kwanza isije ikaunguza miche, inafanya kazi nzuri zaidi. Kile kisahani cha kukinga maji chini ndiyo kabisa. Mbu wanaosambaza dengi wanapenda maji safi yaliyotuama, na Dar haijasahau mlipuko wa 2019. Changu sasa wananywea kuku, na namwaga maji yake kila jioni.

Seti nzima nililipa shilingi 25,000. Baadaye jirani yangu aliagiza mfuko mtupu kwa muuzaji yule yule akauziwa 14,000, ila bei hiyo haimo kwenye tangazo, mpaka uiulize.