Honda CG125 ya marehemu baba, na fundi wa Unga Limited aliyeifufua

Nimeiendesha miezi mitatu ndipo nikaamua kuandika. Pikipiki iliyotoka gereji jana kila mtu huisifu. Kazi ya fundi utaijua baada ya mvua mbili tatu na matuta ya kutosha.

Pikipiki ni Honda CG125 ya marehemu baba. Alikuwa bwana shamba wa kahawa, akizunguka nayo Kibosho, Uru na Old Moshi, na ofisi ilipoitoa kwa mnada akainunua mwenyewe kwa sababu hakutaka kumwona mtu mwingine juu yake. Alipofariki ilikaa miaka kumi na moja kwenye banda nyuma ya nyumba, imefunikwa magunia. Mafundi wawili wa hapa Moshi niliwaita waione. Wa kwanza alinishauri niiuze kwa kilo. Wa pili alitaka kung'oa injini aweke ya boda mpya, kazi ya siku moja, na nembo ya Honda ibaki kwenye tangi. Nilimshukuru, nikaifunika tena.

Ni mwalimu mwenzangu wa shuleni aliyenielekeza Arusha. Jina la fundi silitaji kwa kuwa ameniomba: ana chalii mmoja tu wa kumsaidia, hapokei pikipiki zaidi ya mbili kwa wakati, na hataki foleni mlangoni. Ukifika Unga Limited uliza fundi wa pikipiki za kizamani, utaonyeshwa. Ni banda la mabati, sakafu ya saruji iliyofagiliwa, na ukutani kila spana imechorewa umbo lake kwa chaki. Niliipeleka kwa kirikuu, kilomita 80 hivi, nimekaa mbele nageuka kila kona kuangalia kama kamba zimeshika.

Swali lake la kwanza halikuhusu pesa wala rangi. "Mwalimu, unakaa wapi, na utakuwa unapanda nayo wapi?" Nikamwambia nakaa Moshi mjini na kila Jumamosi napanda Kibosho kwa mama. Akaandika kwenye daftari. Wakati ule sikuelewa kwa nini.

Mimi nilikwenda na picha kwenye simu: zile kafe resa za vijana wa Uingereza wa miaka ya 1950 na 1960, waliokuwa wakikutana Ace Cafe kule London, usukani wa chini, kiti chenye nundu nyuma, mwendeshaji amelala juu ya tangi. Aliziangalia zote kwa heshima, akazoom moja mpaka mwisho kuona jinsi walivyofunga taa. Kisha akaniambia nipande juu ya CG yangu, nishike shokapu za mbele kwa mikono, niinamie hivyo hivyo kwa dakika tano. Zilipotimia viganja vilikuwa vinauma. "Sasa weka na mteremko wa Kibosho, mawe, na ndizi za mama nyuma," akasema. Tukakubaliana skrambla, pikipiki ya njia mbovu: usukani mpana, kiti kifupi kilichonyooka, egzosi iliyoinuliwa, tairi za meno.

Hapo ndipo nilipoanza kumwamini, na kadiri siku zilivyokwenda nikaona kwamba ustadi wake mkubwa uko katika kujua kitu gani asikiguse. Watu wengi wanaojenga pikipiki za aina hii huanza kwa kutoa. Wanatoa boksi la hewa, wanachomeka kichujio cha koni kwenye kabureta, ile inayochanganya hewa na petroli, kwa sababu kinapendeza. Yeye alikataa katakata. Vumbi la huku, alisema, koni ile italimeza na silinda italipia. Boksi la Honda likabaki lilivyo, limesafishwa na kuwekewa sponji mpya. Nikataka kutoa kava la cheni, lile bati linaloifunika cheni yote, maana linaificha gurudumu na kuipa sura ya kizee. Kwa hilo tulibishana kweli. Mwisho alinionyesha cheni yenyewe: ya zamani, lakini viungo vyake bado vilikuwa vimekaza kuliko vya boda ya miaka miwili iliyokuwa imeegeshwa nje. Kava limebaki, limepigwa rangi nyeusi isiyong'aa, na siku hizi nikiliangalia naliona zuri.

Injini aliifumua mbele yangu Jumamosi moja, na ilikuwa darasa. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976. CB125 iliyoitangulia ilikuwa na kamshafti, mhimili unaofungua valvu, juu, inayoendeshwa kwa cheni, nayo inadai oili safi kwa wakati wake. Wahandisi wa Honda waliona jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi kama zetu, zinabebeshwa mizigo, oili haibadilishwi, spea hakuna, wakabuni injini ya kuvumilia hayo. Kamshafti ikashushwa chini, ikazungushwa kwa gia moja kwa moja kutoka kwenye krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na valvu zikawa zinasukumwa na vijiti viwili virefu. Hakuna cheni ya taimingi ya kulegea. Alinishikisha ile kamshafti: ina nundu moja tu inayohudumia valvu zote mbili, ya kuingiza na ya kutoa. Nafundisha fizikia mwaka wa kumi na nne sasa, na nilisimama pale nikiigeuza kama mwanafunzi.

Na kwa kuwa viwanda vya China vimeinakili injini hii kwa miaka mingi, boda nyingi zinazokupita barabarani ni ndugu zake. Kwa hiyo gasketi, ringi na sahani za klachi zilipatikana Arusha siku hiyo hiyo. Ila fundi hakununua kwa jina. Alikwenda na kipimo, akarudisha pistoni mbili dukani kabla ya kuridhika na ya tatu. Silinda ilipelekwa kwa mkerezaji. Umeme wa volti 6 na platini zake, vile vidude vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche, akauondoa wote, akaweka wa volti 12 wenye sidiai, kifaa cha kielektroniki kinachofanya kazi hiyo bila platini. Hapo nilisita kidogo, kwa sababu baba alikuwa na kipande cha msasa alichokitunza kwenye pochi kwa ajili ya kusafishia platini. Lakini taa ya volti 6 usiku kwenye barabara ya Kibosho ni kama kibatari, na mimi narudi jioni.

Kazi ya kuchomelea ndiyo iliyonifanya nitake kuandika. Kufupisha kiti kulihitaji kukata mwisho wa chasisi na kuweka bomba lililopindwa. Alipima mara nne, akakata nyuma ya pale shokapu zinaposhikia, si mbele. Kabla ya kuunga, alikereza kipande cha chuma kizito kinachoingia ndani ya mabomba yote mawili kwa kubana, akatoboa matundu pembeni, akachomelea kiungo na matundu yale pia, ili bomba jipya lishikwe kwa ndani na kwa nje. Mshono wenyewe aliacha upoe polepole, hakumwagia maji. Alipomaliza kusaga huwezi kuona palipoungwa. Nimepitisha kidole, kinateleza. Chalii wake akakaa juu na mfuko wa saruji mapajani, wakaurusharusha. Ndipo akapaka rangi.

Rangi nilitaka kijani. Akauliza kadi inasema nini. Kadi ya usajili inataja rangi pamoja na namba ya chasisi na ya injini, na yangu inasema nyekundu. Ukibadili, unapaswa kwenda TRA, Mamlaka ya Mapato, kurekebisha. Inawezekana, ila alitaka nijue mapema nisije nikasimamishwa njiani. Nikachagua nyekundu, lakini ile ya buni iliyoiva, na nilimpelekea punje tatu kutoka shambani kwetu zikiwa kwenye kikopo. Mpiga rangi alichanganya mara tatu. Tangi kwa ndani lilikuwa limeota kutu. Walilijaza siki na nati ndogondogo, wakalitikisa kwa zamu siku mbili.

Sasa kasoro, na zipo. Aliniahidi wiki sita, zikawa kumi na nne, na kati ya wiki ya nane na ya kumi simu yangu haikupokelewa. Sikupenda. Bora angesema tu kwamba amekwama. Makadirio ya gharama hakuandika. Tulianza na milioni moja na laki mbili, tukamaliza na milioni moja na laki nane na nusu, na ingawa kila nyongeza aliieleza, mwenye bajeti ya mshahara wa ualimu alipaswa kuijua mwanzo. Dai karatasi kabla hajafungua hata nati moja. Kiti alikipeleka kwa mshonaji wa nje, na mshono wa nyuma unaingiza maji. Baada ya mvua unakalia sponji mbichi nusu siku. Egzosi ya juu ilinichoma paja wiki ya kwanza, nikarudi Arusha kuwekewa ngao. Ile ngao ingekuwepo tangu mwanzo, na nilimwambia hivyo usoni. Akakubali, hakunitoza.

Na siku ya pili koki ya petroli ilivuja. Nilimpigia saa moja asubuhi. Saa sita mchana chalii wake alishuka stendi ya Moshi na koki mpya na gasketi mbili, akaifunga palepale, akala chakula kwetu, akarudi. Nauli walilipa wao.

Lile swali la kwanza, unakaa wapi, nililielewa nilipokwenda kuichukua. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa uko chini ya ule wa pwani kwa karibu asilimia 15. Kabureta iliyopangwa kwa Arusha peke yake, ukishuka Moshi, karibu mita 500 chini, inapata hewa nzito zaidi na petroli inakuwa haba, injini inachemka. Ukiipanga kwa Moshi peke yake, ukipanda Kibosho inajaa petroli na kukohoa. Yeye alitafuta jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli, ya katikati, akanipa na nyingine kwenye karatasi, akaniagiza: nikifika Moshi, niende kasi kidogo kwenye tambarare, nizime ghafla, nitoe plagi, nipige picha. Kisha nifanye vilevile juu Kibosho.

Nilifanya. Kwa mama nilipiga magoti kwenye nyasi, plagi ya moto nimeishika kwa kanga yake, naye kasimama anauliza kama imeharibika tena kama enzi za mzee. Picha zote mbili zilionyesha ncha ya kahawia hafifu, bila masizi ya petroli nyingi, bila weupe wa petroli haba. Nikamtumia fundi. Jibu lilikuja kabla sijanawa mikono: "Jeti ya akiba itupe, Mwalimu. Usiguse kitu."