Aplikesheni ya kuita bajaji hapa Kigoma: usiku iko vizuri, alfajiri usiitegemee

Kila siku kwenye magrupu naona watu wanauliza hii aplikesheni ya kuita bajaji inafaa au tunapotezeana muda, nikasema ngoja niandike maana mi naitumia tangu ilipoanza kushika hapa mjini. Jina silitaji, wanaoijua wanaijua. Jibu la haraka: inategemea unatoka saa ngapi na umebeba nini.

Mi nafanya biashara ya dagaa. Nanunua Kibirizi kando ya ziwa, nafunga, napeleka stendi Masanga vipakiwe kwenye basi za Dar. Kwahiyo usafiri kwangu sio wa kwenda kutembea, basi likishaondoka alfajiri limeondoka, na mteja wa Dar ukianza kumwelezea habari za bajaji anakuona unamletea hadithi.

Uzuri wake ni usiku, hapo siwezi kuwaonea. Unatoka Mwanga saa nne unarudi Katubuka, zamani ulikuwa unasimama pale barabarani unamkagua dereva usoni unakisia kama ni mtu au ni balaa. Sasa hivi jina, picha na namba ya bajaji vinaingia kwenye simu kabla hajafika, unamrushia dada yako nyumbani anakufuatilia mpaka mlangoni. Mdogo wangu alishawahi kusahau pochi kwenye bajaji, kwasababu safari ilibaki kwenye simu tukampata dereva na jioni ileile akaileta, tukampa ya soda. Na bei unaiona kabla hujapanda. Sisi wenyeji tunaona kawaida ila mtu aliyeshuka na treni pale stesheni, ana mabegi mawili na lafudhi ya Dar, huyo ameokolewa kwelikweli, maana tujuane tu jamani, akifungua mdomo nauli inapanda hapohapo.

Sasa njoo kwenye ramani uone vituko. Ukiita ukiwa Kibirizi kile kidoti chako mara nyingine kinaenda kukaa ziwani, yani programu inaamini kabisa niko majini na migebuka. Dereva anapiga.

"Dada, ramani inaniambia nimefika."

"Hapo ulipo kuna nini?"

"Kuna mama anauza mihogo."

"Wa mihogo wako wengi kaka, pembeni yake?"

"Kuna mtumbwi umepinduliwa wanaupaka rangi."

"Haya usitoke hapo, nakuja."

Satelaiti zote hizo halafu kinachonikutanisha na dereva ni mtumbwi. Na msije mkasema ni ushamba wa mwisho wa reli. Nairobi na ukubwa wake wote matatu zilikuwa hazimo kwenye ramani mpaka pale vijana wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na watu wa vyuo vya MIT na Columbia kule Marekani walipopanda matatu na simu mkononi, wakarekodi njia moja moja na kila kituo gari linaposimama, na mwaka 2014 wakatoa ramani ya njia zaidi ya 130. Waliuita Digital Matatus. Mtu alikaa kwenye gari kwanza, kompyuta ikafuata. Hawa wa kwetu wameanza na kompyuta, majina ya vituo anayoyaita konda wa hiace ya Ujiji siyaoni kwenye ramani yao, badala yake kuna majina ya barabara ambayo hata mimi niliyekulia hapa siyajui.

Lakini hiyo ni cha mtoto. Tatizo lenyewe ni kwamba inakuuzia bajaji nzima wakati watu wa hapa tunanunua kiti. Mwanga kwenda Ujiji bajaji inapakia watu njiani, kila mmoja na hela yake, unalipa kiti chako unashuka unapotaka. Kwenye simu inakuhesabia kama umekodi, kwahiyo safari ileile unalipia mwenyewe na viti vya wenzako ambao hawapo. Mwanafunzi hawezi, mama wa sokoni hawezi, anayekwenda hospitali ya Maweni kuona mgonjwa asubuhi na jioni huyo ndo kabisa hawezi. Waliotengeneza nadhani akili yao ilikuwa kwenye gari ndogo za Dar, wakaja kubadilisha picha ya gari wakaweka ya bajaji basi. Wangeweka tu kitufe cha kiti kimoja, naona bajaji tatu ziko njia yangu, moja ina nafasi, nabonyeza, hapo hata bibi yangu angenunua simu.

Halafu mzigo. Hakuna sehemu ya kusema una mzigo. Nimeita, jamaa amekuja kwa furaha zake, ananikuta na gunia, ananusa, anaangalia simu, anakanseli hapohapo tunatazamana. Mwingine anakubali ila "ongeza kidogo dada, hii harufu itakaa kutwa", na hapo ile bei niliyoonyeshwa inageuka kuwa salamu tu, mnaanza kupatana upya. Simlaumu kwakweli, abiria anayefuata naye ana pua.

Na madereva nao tuwasikilize. Kila safari programu inakata chake, ndo maana kuna wale akifika anakwambia kanseli twende hivihivi nje ya mtandao, bei ileile. Ukikubali amekula yeye, ila kumbuka ile kumbukumbu ya safari ndo imekufa, ukisahau pochi ni yako na Mungu wako. Haya mambo ya kamisheni sio ya Kigoma peke yake, yalishavutana huko juu: mwaka 2022 LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, waliweka ukomo wa asilimia 15, mwezi wa nne Uber wakasitisha huduma zao hapa nchini, wakarudi mwanzoni mwa 2023 baada ya ukomo kupandishwa mpaka 25. Dereva wa hapa anayebeba safari fupi fupi za buku, hiyo robo anaiona kama mtu anamchotea mafuta kwenye tenki. Mi ningekuwa wao ningetoza ada ndogo ya wiki, dereva ajue amemalizana nao, aache kunishawishi nikanseli.

Malipo yako poa na hapa hata programu haistahili sifa, wenyewe madereva walishaanza. Karatasi ya lipa namba, ile ya kulipia kwa simu, imebandikwa nyuma ya kiti cha dereva, imewekewa plastiki isilowe, unalipa unashuka. Ile ya kutuma kwa namba ya kawaida ilikuwa na maneno yake, "weka na ya kutolea dada", na tozo za serikali kwenye miamala ya simu zilipoanza Julai 2021 ndo wengi wakarudi kwenye noti kabisa. Kadi za kugusa kama wanavyofanya majirani zetu Kigali na Tap&Go kwenye mabasi yao, sijui, zinataka mabasi ya kampuni yenye utaratibu wake, sisi hiace moja tajiri wake mmoja. Hata Google wenyewe walishajaribu kadi ya nauli kwenye matatu za Nairobi mwaka 2013, BebaPay, 2015 ikafungwa, watu wakaendelea kumpa konda noti.

Huduma kwa wateja ni meseji. Unaandika leo, unajibiwa keshokutwa "pole kwa usumbufu". Tuendelee.

Nawapa nyota tatu, mbili za usiku na moja ya bei kuonekana. Mwenye kutoka kazini usiku, mgeni, mzazi anayemtumia mtoto bajaji imtoe tuisheni, ipakue. Mwenye mzigo kama mimi au anayewahi basi la alfajiri, shikilia namba za madereva wako. Mi wangu nampigia jioni, "kesho saa kumi Kibirizi, gunia mbili", anasema sawa dada, anakuja na turubai lake tayari ameshatandika. Saa kumi hiyo kwenye programu utaona inazunguka inatafuta dereva aliye karibu nawe mpaka betri inalia.

Kuipakua tafuta pa kuunga wifi, ni nzito inakula bando, na lokesheni ukishashuka izime.