Chupa ya kloridi ya salfa kwa maabara ya Lubumbashi: tathmini

Bidhaa ninayoitathmini ni dikloridi ya disalfa, S2Cl2, katika chupa ya kioo cha kahawia ya mililita 250, ambayo maabara yetu iliinunua kwa muuzaji wa kemikali hapa mjini kwa ajili ya majaribio ya mpira. Tangu Alexander Parkes alipogundua mwaka 1846 kwamba kemikali hii huukomaza mpira, yaani huufanya uwe imara na wenye kunyumbuka, bila kuupika, matumizi hayo hayajapoteza maana, hasa kwa vipande vyembamba visivyostahimili joto.

Kilichomo ndani ya chupa ni kizuri, na nalisema hilo bila kusita. Ni kimiminika kizito chenye sura ya mafuta, cha rangi ya manjano inayoelekea ya chungwa, na densiti yake haikutofautiana na ile ya vitabuni, takribani gramu 1.69 kwa mililita. Tulipokikeneka kilichemka chini kidogo ya nyuzi 137 za Selsiasi, jambo ambalo lisimtie mtu wasiwasi, kwa kuwa Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na kanieneo ya hewa yetu ni ndogo kuliko ya pwani.

Lawama yangu iko kwenye lebo. Imeandikwa "kloridi ya salfa" pamoja na namba ya usafirishaji UN 1828, pasipo fomula, ilhali namba hiyo hubeba kloridi za salfa zaidi ya moja. Dikloridi ya salfa, SCl2, ni nyekundu kama cheri, huchemka kwenye nyuzi 59 hivi huku ikivunjika, na hata ikiachwa rafuni hujigawa polepole kuwa S2Cl2 na gesi ya klorini, kiasi kwamba chupa iliyokaa muda mrefu huweza kuwa na mgandamizo wa hatari chini ya kizibo. Mtu anayepima gramu kwa kuifuata lebo ya namna hii anaweza kukosea hesabu yote ya jaribio, kwa sababu uzito wa moli moja ni gramu 135 kwa ile ya kwanza na 103 kwa hii ya pili.

Kizibo nacho kinahitaji kutazamwa. S2Cl2 iliyomo chupani haipatani na maji hata kidogo: tone moja likiangushwa katika maji, ndani ya kabati la kuvuta hewa, huzama kwanza, kisha maji hugeuka meupe kama maziwa kwa chembe za salfa, na juu yake hutoka moshi wa asidi ya hidrokloriki na dioksidi ya salfa unaochoma pua na macho. Unyevu wa hewa hufanya kazi hiyohiyo. Mwezi wa Januari, mvua zikiwa zimekolea, mdomo wa chupa ulifuka mara tu tulipoufungua, na mfuniko wa nje, ambao ni wa bati, ulikuwa umeshaanza kuliwa na kutu. Mfuniko wa plastiki wenye kitambaa cha Tefloni ndani ungefaa zaidi, na ununuzi wenyewe ni bora ufanywe kiangazi, kati ya Mei na Septemba.

Huduma ya muuzaji ilikuwa ya heshima. Alidai barua ya kueleza matumizi kabla ya kutoa chupa, na alikuwa na haki, kwa maana kemikali hii imo katika Jedwali la 3 la Mkataba wa Silaha za Kemikali wa mwaka 1993. Mteja asilichukulie dai hilo kuwa usumbufu.

Kwa maabara ya chuo au ya kiwanda yenye kabati la kuvuta hewa, glavu na miwani, naipendekeza bidhaa hii, mradi mnunuzi adai fomula iandikwe kwenye lebo na aangalie rangi kabla ya kulipa. Shule ya sekondari isiyo na kabati hilo isiinunue.