Uzoefu Wangu: Ziara ya Kuijua Nairobi kwa Msafiri wa Mombasa

Kampuni moja ndogo ya utalii hapa Mombasa huuza ziara ya siku mbili ya Nairobi, na malipo yake yanajumuisha tiketi ya treni kutoka Miritini, malazi ya usiku mmoja, basi dogo na kiongozi wa kuwatembeza wageni. Tangazo lao linaahidi kwamba msafiri atauelewa mji ule uliotunyang'anya makao makuu ya serikali mwaka 1905. Kwa maoni yangu ahadi hiyo wameitimiza kwa sehemu kubwa, ingawa kuna mahali waliponiudhi.

Kuhusu usafiri na malazi sina mengi ya kusema. Treni ilifika Syokimau kwa wakati, chumba kilikuwa safi, na mablanketi yalitosha, jambo ambalo mtu wa pwani asilidharau anapolala kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800 mwezi wa Julai.

Thamani halisi ya ziara hii ni kiongozi mwenyewe. Alitupandisha kwanza kwenye paa la KICC, jumba la mikutano la mita 105 lililofunguliwa mwaka 1973, akatutaka tuitazame ardhi kabla ya majengo. Upande wa magharibi ardhi hupanda kuelekea Karen na vilima vya Ngong, ikiwa na udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri. Upande wa mashariki hushuka na kusawazika kuelekea nyanda za Athi, penye udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Wahandisi wa reli, ambayo ujenzi wake ulianzia hapa kwetu mwaka 1896, walifika pale mwaka 1899 wakapachagua kwa kuwa palikuwa tambarare, pana maji, na mbele yake kulikuwa na milima ambayo reli ingelazimika kuikwea. Kinamasi kilichokuwapo hakikuwashughulisha sana, hata tauni ilipozuka na soko la Wahindi likateketezwa kwa moto mwaka 1902. Baadaye serikali ya kikoloni iligawa makazi kwa rangi: Wazungu wakajitwalia miinuko ya magharibi na kaskazini, Wahindi wakakaa Parklands na Ngara, na Waafrika wakasukumwa Eastlands, upande wa mashariki. Sheria hizo zimekwisha zamani, lakini mtu akisimama juu ya paa lile bado anauona mpaka wake, kwa miti iliyofungamana upande mmoja na mabati na maghorofa yaliyobanana upande wa pili. Sisi tuliozoea kuuliza kama mtu anakaa kisiwani au ng'ambo ya kivuko tulikielewa mara moja kipimo hicho cha juu na chini.

Msitu wa Karura tuliutembea kwa miguu bila haraka. Mbuga ya wanyama, iliyoanzishwa mwaka 1946, tuliiona kwa muda mfupi tu, ila maelezo kwamba upande wake wa kusini haukuzungushiwa uzio ili wanyama wapite kuelekea Kitengela yalinifaa kuliko kumwona twiga.

Kilichoniudhi ni Eastlands, ambayo tuliipita tukiwa ndani ya basi. Pumwani, mmoja wa mitaa ya huko, ilianzishwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika waliohamishwa kutoka vijiji vya awali vya mji, na kimoja cha vijiji hivyo kiliitwa Mombasa. Kampuni inayowachukua abiria wake wote kutoka pwani ingepaswa kupafanya hapo kituo kikuu, si mahali pa kupungia mkono dirishani. Kiongozi alijua habari zote hizo, lakini ratiba ya ofisi haikumruhusu kusimama, na saa nzima iliyopotea kwenye duka la vinyago ingetosha kabisa.

Ninaipa nyota nne kati ya tano. Anayetaka kuinunua aombe kabla ya kulipa kwamba duka hilo liondolewe kwenye ratiba na Pumwani iwekwe mahali pake. Mimi nilipowaandikia walijibu kwamba kundi la watu wanane au zaidi linaweza kubadilishiwa.