Springi mpya za nyuma za MGB: zinainua gari lililolala, zikifungwa ipasavyo

Seti mpya ya springi za majani (bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine) ndiyo dawa ya MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, iliyolala nyuma, na inastahili fedha zake. Ila ina masharti. Nunua zinazolingana na toleo la gari lako, badilisha raba zote kwa mkupuo mmoja, na bolti za macho (matundu ya mviringo kwenye ncha za springi) zikazwe gari likiwa limekanyaga ardhi. Sharti la tatu ndilo linalovunjwa kuliko yote, kisha lawama huangukia springi isiyo na kosa.

MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, tangu 1962 hadi 1980, na miaka yote hiyo ekseli yake ya nyuma ilishikiliwa na springi mbili tu za majani. Hakuna mkono mwingine unaoizuia isisogee mbele, nyuma wala pembeni. Kwa hiyo springi zikichoka, si buti tu linaloshuka. Mkia hukosa utulivu kwenye kona, ekseli hujizungusha unapoondoka kwa nguvu, taa humulika juu, na raba za kugongea hupokea kila shimo. Itazame springi ikiwa na mzigo: kwenye gari lenye bampa za kromu inatakiwa iwe karibu imenyooka. Ukikuta ncha zimeshuka na katikati imepanda, imekwisha.

Kabla ya kununua, hakikisha kosa liko nyuma kweli. Gari linaloegemea upande mmoja huenda linasukumwa na springi ya mbele. Zuia matairi ya nyuma kwa vigingi, weka jeki katikati kabisa ya kiunzi cha kusimamisha magurudumu ya mbele, uinue mpaka matairi ya mbele yaache ardhi. Asiingie mtu chini. Pima nyuma, kulia na kushoto, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi. Vipimo vikilingana sasa, springi za nyuma hazihusiki na ule mwegemeo. Kagua pia pale jicho la mbele linapofungwa kwenye chasi. Bati likiwa limeliwa na kutu, linahitaji mchomeleaji kwanza.

Wengi huanza na shokapu, na hapo fedha hupotea bure. Shokapu za mkono zilizokuja na gari, au za mrija zinazofungwa baadaye, kazi yake ni kutuliza mtikiso. Uzito unabebwa na springi. Kuongeza jani moja juu ya majani yaliyochoka huinua gari, lakini nyuma inakuwa ngumu na kurukaruka. Kukunja upya springi ya zamani kwa baridi hurudisha upinde kwa muda, halafu inalala tena. Fundi anayejua kuipasha moto na kuikomaza upya chuma anaweza kuiokoa, ilimradi afanye zote mbili.

Kwenye uchaguzi ndipo makosa ya gharama hutokea. Springi za GT, yaani MGB yenye paa la kudumu, ni ngumu zaidi kwa sababu paa lake linaongeza uzito nyuma. Magari yenye bampa za raba, yaliyoanza mwishoni mwa 1974, yaliinuliwa kama inchi 1.5, na springi zake zina upinde mkubwa zaidi. Ukizifunga kwenye gari la bampa za kromu, mkia utasimama kama wa panzi. Hata springi sahihi huonekana kuinua gari mno siku ya kwanza. Ziendeshe kilomita mia kadhaa kabla ya kuhukumu, na usikimbilie vipande vya kushushia vinavyowekwa kati ya ekseli na springi.

Agiza pamoja nazo yubolti 4 (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) na nati zake 8, pedi za raba 4 za juu na chini ya springi, na nusu-bushi (vipande vya raba vya kuingia kwenye matundu) 8 za shakeli, kiungo kinachoshika ncha ya nyuma ya springi kwenye chasi. Nyuzi ni za UNF, kipimo cha inchi, kwa hiyo usilazimishe nati za milimita. Bushi ya jicho la mbele iwe tayari imeshindiliwa ndani ya springi, la sivyo utahitaji presi.

Simamisha chasi kwenye stendi imara, mbele ya jicho la mbele la springi, na uishike ekseli kwa jeki nyingine. Ekseli isining'inie kwenye mpira wa breki. Bolti ya jicho la mbele ndiyo yenye ukaidi: huganda kwa kutu ndani ya bomba la bushi, ukazungusha kichwa huku bushi yote ikizunguka nayo. Inyweshe mafuta ya kulainisha kutu siku moja kabla, na uwe na msumeno tayari. Moto usiutumie kamwe huku nyuma, kwa sababu tanki la petroli liko chini ya buti.

Kwenye kufunga, anza na jicho la mbele, fuata shakeli, vyote vikiwa vimelegea. Shusha ekseli hadi kichwa cha senta bolti, ile inayoshikanisha majani katikati ya springi, kiingie kwenye tundu lake. Kisipoingia, ekseli itakaa mshazari na gari litakwenda upande. Bushi za raba zilainishe kwa maji ya sabuni. Grisi ya petroli huzivimbisha. Za poliyuritheni zinafaa kwenye shakeli, lakini kwenye jicho la mbele raba bado ndiyo bora, kwa kuwa lazima ijipinde kidogo.

Sasa shusha gari, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze bolti ya mbele na nati za shakeli. Ukizikaza ekseli ikining'inia, raba hushikwa ikiwa imepinda. Gari likishuka, raba hiyo hujisokota, huliweka gari juu kwa muda, kisha huchanika. Mtu akisema springi mpya zimelala baada ya miezi michache, hapa ndipo pa kuanzia kuchunguza.

Yubolti zikaze kwa zamu, kwa kipimo cha kitabu cha gari, na uzirudie baada ya safari za kwanza, maana pedi mpya hubonyea. Ukimaliza, rekebisha taa. Zilizokuwa zikimulika angani sasa zitakuwa zinatazama chini.