Nimepimwa rangi za majira ana kwa ana, uzoefu wangu

Hiki ni kipimo cha kujua rangi zipi za nguo na mekapu zinaupendeza uso wako, halafu unawekwa kwenye kundi lenye jina la majira, kama machipuko au baridi. Kiukweli nilienda na mashaka yangu, maana programu za simu za kupima hayo zilishanivuruga, nikipiga selfi dirishani naambiwa mimi machipuko, nikipiga chini ya taa ya sebuleni naambiwa baridi, na uso ni huu huu mmoja! Kamera ya simu inajirekebishia mwanga yenyewe, saa nyingine inaipa ngozi unjano, saa nyingine inaipoozesha, sasa hapo programu inasoma rangi gani?

Ana kwa ana ni habari nyingine kabisa. Unakwenda bila mekapu, nywele zinafungwa kitambaa cheupe ili rangi ya rasta au wigi isiingilie, unafunikwa nguo nyeupe mabegani, unakaa mbele ya kioo na mwanga wa mchana unakupiga usoni. Halafu dada anayepima anaanza kukutandikia vitambaa chini ya kidevu, kimoja kinatoka kingine kinaingia, na ukimwangalia macho yake hayapo kwenye kitambaa, yapo usoni kwako. Mimi ubishi uliniisha pale alipoweka pinki moja kali ya kibaridi, pembeni ya mdomo pakawa na ukijivujivu na madoa yangu ya chunusi yote yakajitokeza, akaitoa akaweka rangi ya kutu, jamani, madoa yaleyale nikawa nayatafuta, hata weupe wa jicho ukatakata. Na hajanipaka kitu! Kitambaa kinarudishia mwanga kidevuni, halafu jicho nalo huwa linaisoma rangi kwa kuilinganisha na iliyo jirani yake, basi.

Kwa ambao hamjaufuatilia mfumo huu, makundi ya msingi ni manne yaani machipuko, kiangazi, vuli na baridi, siku hizi wengi wanagawa kila moja mara tatu yanakuwa 12. Wanachopima ni ujoto au ubaridi wa rangi, wepesi au uzito wake, na kama inawaka au imefifia. Mimi nimeangukia vuli nzito, yaani damu ya mzee, kijani cha jeshi, haradali, kahawia iliyokolea, na krimu badala ya nyeupe pee.

Wenzangu weusi hapa msome vizuri. Ile mbinu ya kujua kundi lako kwa kuangalia rangi ya mishipa ya mkononi, kijani ni joto bluu ni baridi, kwa ngozi yangu mishipa yenyewe naipapasa tu siioni, achaneni nayo. Na mfumo ulivyovuma Marekani miaka ya 1980 watu weusi karibu wote walikuwa wanasukumwa kwenye baridi, wakati sisi kwa sisi tunatofautiana sana, kuna mwenye wekundu kwa chini, mwenye unjano, na mwenye weusi ule wa kubluu. Kwa hiyo kabla hujalipia uliza kama ana vitambaa vya kutosha vya rangi nzito, na omba uone watu wa ngozi kama yako aliowahi kuwapima, akianza kujiumauma tafuta mwingine.

Nyeusi niliambiwa siyo yangu, sawa, ila sijagawa nguo zangu na sina mpango. Sketi na suruali zipo mbali na uso hazina neno, na blauzi nyeusi naivaa na skafu ya haradali au hereni za dhahabu maisha yanaendelea. Faida kubwa nimeiona kwenye lipstiki, zile za pinki nilizokuwa nanunua kwa kuiga nimeacha, navaa za matofali na hata faundesheni sipaki kila siku.

Nawapa nyota nne. Ya tano nimeibania sababu ya kijitabu cha rangi unachopewa uende nacho dukani, wamekichapa kwenye karatasi na haradali ya mle imekaa kama limau, wala haifanani na kile kitambaa nilichotandikiwa. Si wangekata tu vipande vya vitambaa vyenyewe wakavibana pamoja?